Ripita, meshi au nyaya za umeme: kipi kitaongeza kasi ya Wi-Fi nyumbani bila kuvuta waya?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mahali ruta ilipo hapakuchaguliwa na mwenye nyumba. Fundi wa faiba hushusha waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani, hutoboa ukuta wa kwanza anaokutana nao, hufunga kisanduku sebuleni karibu na dirisha, kisha huenda zake. Sehemu kubwa ya mawimbi huishia barazani na getini, huku chumba cha masta kilicho upande wa pili wa nyumba kikitenganishwa na ruta kwa kuta mbili au tatu za tofali za bloku. Anayelala humo hulalamika kwamba intaneti ni mbovu, familia hulipia kifurushi kikubwa zaidi, na hali hubaki ilivyokuwa kwa sababu kasoro haikuwa kwenye kifurushi.

Waya wa mtandao uliopita ndani ya ukuta ungemaliza tatizo hilo, lakini mpangaji haruhusiwi kutoboa, na aliyemaliza kupiga rangi juzi hataki kusikia habari za nyundo. Zinabaki njia tatu kuu zinazouzwa madukani, yaani ripita, mfumo wa meshi na adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme, pamoja na njia ya nne isiyogharimu chochote, ambayo ndiyo inayorukwa na wengi. Nimezijaribu zote katika nyumba yetu ya Tabata na katika nyumba za ndugu, na msimamo wangu ni kwamba aina ya jengo na ukubwa wa kifurushi ndivyo vinavyopaswa kuamua ununue nini, kuliko namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi.

Kabla ya kutoa fedha, pima kasi mara mbili kwa simu ileile: kwanza ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, kisha ukiwa katika chumba kinacholalamikiwa. Ikiwa hata karibu na ruta kasi ni ndogo kuliko unayolipia, tatizo liko nje ya nyumba na hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokusaidia. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, ambazo huunganisha Afrika Mashariki na intaneti ya dunia, zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchini Tanzania na katika nchi jirani, na siku kama hizo hata ruta ya bei kubwa kuliko zote isingemfaa mtu. Lakini ikiwa karibu na ruta unapata megabiti 40 kwa sekunde na chumbani unapata 3, basi zile 37 zinapotelea ndani ya kuta zako mwenyewe, na hapo ndipo ulinganisho huu unapokuwa na maana.

Inafaa kueleza zinavyopotea. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na kila zinapopungua desibeli 3 nguvu hubaki nusu. Zikipungua 10, hubaki sehemu moja ya kumi. Dari ya jipsamu hupunguza kidogo tu. Ukuta wa bloku uliopigwa plasta pande zote mbili hupunguza zaidi, na slabu ya zege yenye nondo hupunguza zaidi ya vyote hivyo, ndiyo maana anayeishi ghorofani anaweza kuwa mita nne tu juu ya ruta na bado asipate kitu. Chuma hakipenyezi mawimbi bali huyarudisha: bati, mlango wa chuma, friji, hata kioo kikubwa cha kabati la nguo. Maji nayo hufyonza, kwa hiyo tenki lililojaa likiwa kati ya nyumba kubwa na nyumba ya uani ni kizuizi halisi, ingawa wengi hawalifikirii.

Ruta nyingi za leo hurusha katika bendi mbili, yaani makundi mawili ya masafa. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini ni nyembamba na imejaa majirani, wakati bendi ya gigahezi 5 ni pana na yenye kasi lakini huchoka mapema ikikutana na ukuta. Simu ya kawaida yenye antena moja ya Wi-Fi, ikiwa kwenye 2.4, huunganishwa kwa kiwango kisichozidi takriban megabiti 72, na kasi unayoiona ukipakua faili huwa nusu ya hapo au zaidi kidogo. Simu yenye antena mbili ikiwa kwenye gigahezi 5 kwa kiwango cha Wi-Fi 5 (hilo ni toleo la teknolojia, si bendi) inaweza kuunganishwa hadi megabiti 866. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 100 anayetumia simu ya aina ya kwanza kwenye 2.4 hawezi kuziona megabiti hizo zote, hata akiikumbatia ruta.

Njia isiyo na gharama

Waya mwembamba wa faiba unaotoka ukutani hadi kwenye kisanduku mara nyingi una mita moja au mbili za ziada zilizokunjwa nyuma ya meza ya televisheni. Hizo mita mbili zinatosha kuitoa ruta nyuma ya televisheni, ambayo ina chuma kingi, na kuiinua juu ya kabati ili iyatazame maungio ya korido. Usiukunje waya huo kwa pembe kali, kwa sababu ndani yake mna kioo na mwanga hupotea pale ulipokunjwa, na ukikatika utahitaji fundi. Wanaotumia ruta ya laini ya 4G au 5G wana uhuru mkubwa zaidi, kwa kuwa ruta yao haikufungwa mahali. Wanachopaswa kutafuta ni sehemu ambayo mnara unasomeka vizuri na vyumba bado vinafikiwa, na mara nyingi sehemu hiyo ni dirisha la ubavuni kuliko la sebuleni.

Baada ya kuihamisha, angalia chaneli, yaani kipande cha bendi ambacho ruta inarushia. Katika 2.4, chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na katika fleti za Upanga au Kariakoo unaweza kuona mitandao zaidi ya ishirini ikigombania hizo tatu. Mtu aliyechagua chaneli 3 akidhani amekwepa msongamano amejiweka katikati ya 1 na 6, na anapokea kelele za pande zote mbili. Katika mazingira hayo, kuhamishia televisheni na kompyuta kwenye gigahezi 5 huleta nafuu kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua, na hapa kuta nene zinageuka kuwa rafiki, kwa sababu zinazuia pia gigahezi 5 ya jirani isiingie kwako.

Nyumba ya vyumba viwili au vitatu isiyo na ghorofa mara nyingi huishia hapa. Kama bado chumba kimoja kimebaki na shida, endelea.

Ripita dhidi ya meshi

Ripita ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya. Sifa zake ni bei ndogo na urahisi wa kufunga. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ripita ya bendi moja hutumia chaneli ileile kupokea na kurusha, na kwa kuwa haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, kila data hupita hewani mara mbili na kasi hupungua kwa nusu au zaidi. Ripita ya bendi mbili hupunguza hasara hiyo ikipokea kwa gigahezi 5 na kurusha kwa 2.4, au kinyume chake.

Lakini nusu ya nini? Hili ndilo swali ambalo wauzaji hawalijibu. Mwenye kifurushi cha megabiti 20, ambaye ripita yake inapokea megabiti 50 kutoka kwenye ruta, atabakiwa na 25 baada ya kugawa kwa mbili, na hapotezi chochote. Mwenye kifurushi cha 100 atapoteza robo tatu ya anacholipia. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba ripita ni takataka kwa kila mtu. Kwa mpangaji wa chumba na sebule Sinza mwenye kifurushi kidogo, ni ununuzi wa busara.

Kinachoiharibia sifa zaidi ni pale inapowekwa. Watu huichomeka ndani ya chumba kisicho na mtandao, taa zinawaka, simu inaonyesha mawimbi kamili, na bado ukurasa haufunguki. Mawimbi kamili hayo ni ya kutoka kwenye ripita hadi kwenye simu; ripita yenyewe haisikii ruta. Mahali pake ni nusu ya njia, kwa kawaida koridoni, ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Programu za bure za kupima mawimbi kwenye simu za Android huonyesha namba hasi: karibu na ruta utaona kama −40 au −50, na kuanzia −80 kwenda chini hakuna kazi ya maana inayofanyika. Tafuta soketi iliyo mahali penye −60 hadi −67, kisha chomeka hapo. Ikiwa hakuna soketi katikati ya njia, jambo la kawaida katika nyumba ambazo fundi umeme aliweka soketi moja tu kila chumba, ripita haikufai.

Mfumo wa meshi ni vituo viwili au vitatu vinavyouzwa pamoja na kufanya kazi kama mtandao mmoja wenye jina moja. Ubora wake wa kwanza unaonekana unapotembea. Ripita nyingi huanzisha jina la pili la mtandao, na simu hung'ang'ania lile la kwanza hadi likatike kabisa. Meshi nzuri huisaidia simu kuhama kutoka kituo kimoja hadi kingine bila mazungumzo ya video kukatika. Ubora wa pili hupatikana katika meshi za bendi tatu pekee, ambazo zinaweza kutenga bendi moja kwa ajili ya mawasiliano ya kituo kwa kituo, hivyo ile hasara ya nusu huondoka kwa sehemu kubwa. Meshi ya bendi mbili, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa madukani, haina njia hiyo ya pekee, na kwa upande wa kasi tupu inaikaribia ripita nzuri kuliko watu wanavyotarajia.

Meshi pia haivunji sheria za ukuta. Vituo vyake huzungumza kwa mawimbi yaleyale, na slabu ya zege inayoizuia simu yako huzuia na kituo. Katika nyumba ndefu ya chini, kama zile za Goba na Kigamboni zenye korido moja kutoka sebuleni hadi vyumbani, meshi hufanya kazi vizuri sana ukivipanga vituo ili kila kimoja kikione kingine kupitia milango na korido. Katika nyumba ya ghorofa, weka kituo cha chini karibu na ngazi na cha juu palepale ngazi zinapoishia, kwa sababu tundu la ngazi ndilo dirisha pekee lililo kwenye slabu.

Jambo moja la ufungaji huwatesa wengi. Kisanduku cha kampuni ya intaneti tayari ni ruta, na ukiongeza meshi bila kubadili mipangilio unakuwa na ruta mbili zinazofuatana, hali inayovuruga baadhi ya michezo, kamera za ulinzi na printa. Iweke meshi katika hali ya kituo cha kurushia tu (access point), kisha uzime Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni ili isigombane na yako.

Meshi dhidi ya nyaya za umeme

Nyumba tayari ina nyaya ukutani, zile za umeme, na adapta za aina hii huzitumia kupitisha data. Adapta moja huchomekwa karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa waya mfupi, nyingine huchomekwa katika chumba chenye shida, na data husafiri kwa masafa ya megahezi kadhaa juu ya umeme wa hezi 50 bila kuudhuru. Kwa nyumba ya ghorofa yenye slabu nzito, hili ndilo chaguo langu la kwanza, kwa sababu nyaya za umeme zilikwisha kuipenya slabu siku nyumba ilipojengwa.

Namba za kwenye boksi zipunguze sana. Adapta ya daraja la megabiti 600 au 1000 inatangaza jumla ya kinadharia, na unachokipata ni sehemu tu ya hiyo; isitoshe, nyingi za daraja la 600 zina tundu la waya la megabiti 100, kwa hiyo haziwezi kuvuka hapo hata nyaya zako zikiwa mpya. Kwa kifurushi cha megabiti 20 hadi 50 hilo si tatizo.

Tatizo ni hali ya nyaya, na hapa Dar es Salaam hutoa changamoto zake. Adapta zinataka kuchomekwa moja kwa moja ukutani. Zikipitia ekstensheni, hasa yenye kinga ya umeme, au stabilaiza ya friji, sehemu kubwa ya data hufyonzwa humo. Chaja za bei ndogo na baadhi ya taa za LED huleta kelele inayoshusha kasi, na utaiona kwa kuzichomoa moja moja huku ukipima. Katika nyumba zenye fezi tatu, soketi mbili zilizo kwenye fezi tofauti zinaweza kuwasiliana kwa shida au zisiwasiliane kabisa, na mtu pekee atakayekuambia soketi ipi iko fezi ipi ni fundi aliyeifunga nyumba, au fundi mwingine atakayefungua sanduku la swichi.

Kuna pia suala la mita. Ikiwa nyumba ya uani inapata umeme kupitia mita ya LUKU ya nyumba kubwa, adapta zina nafasi nzuri ya kufika, na hii ndiyo hali ambayo sijaona njia nyingine inayoshindana nazo. Ikiwa nyumba ya uani ina mita yake, usizitegemee. Kinyume chake, wapangaji wanaochangia mita moja wanachangia pia nyaya, na data yako inaweza kufika kwenye soketi ya jirani. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kilicho kwenye adapta zote mbili siku ya kwanza ili zitengeneze ufunguo wao wa siri, badala ya kubaki na ule wa kiwandani unaofanana kwa adapta zote za aina hiyo.

Adapta nyingi hutoa waya tu upande wa pili, na simu haina pa kuchomeka waya. Hapa ndipo ruta ya zamani iliyolala kabatini inapopata kazi. Iunganishe na adapta ya ghorofani kupitia tundu la LAN, yaani la waya wa mtandao wa ndani, zima kazi yake ya kugawa anwani kwa vifaa (DHCP), ipe anwani isiyogongana na ya ruta ya chini, kisha iache irushe Wi-Fi kwa chaneli tofauti. Mchanganyiko huu, yaani adapta mbili na ruta ya zamani, ndio niliofunga kwa dada yangu anayeishi nyumba ya ghorofa Mbezi Beach baada ya meshi ya bendi mbili kushindwa kuvuka slabu yake, na watoto wake wanasoma mtandaoni ghorofani bila kushuka sebuleni.

Wapo watakaouliza kuhusu waya mzito wa dishi la televisheni, kwa kuwa nyumba nyingi zinao na ipo teknolojia ya kupitisha intaneti humo. Waya unaotoka kwenye dishi hubeba masafa ya kati ya megahezi 950 na 2150, ambayo yanagongana na yanayotumiwa na vifaa hivyo, kwa hiyo isipokuwa kama una waya wa dishi usiotumika tena, achana na wazo hilo. Kununua ruta mpya moja ya Wi-Fi 6, kwa upande mwingine, husaidia penye vifaa vingi vinavyotumika kwa pamoja, lakini haiongezi uwezo wa kupenya bloku, na simu ya zamani isiyokuwa na Wi-Fi 6 haitaona tofauti kubwa. Laini ya pili ya 5G kwa ajili ya ghorofani inawezekana pia mahali ambapo huduma hiyo imefika, ila utalipa bili mbili kila mwezi kwa tatizo la ukuta mmoja.

Umeme ukikatika

Kigezo hiki hakipo katika ulinganisho ulioandikwa kwa ajili ya miji isiyokatiwa umeme, na kwetu kinaweza kugeuza uamuzi. Ripita na adapta za nyaya za umeme huchomekwa moja kwa moja kwenye volti 230, kwa hiyo umeme ukikatika hufa papo hapo, isipokuwa nyumba ina inveta inayolisha soketi hizohizo. Na hata hapo, adapta iliyo upande wa inveta inaweza kushindwa kuwasiliana na ile iliyo upande mwingine. Vituo vingi vya meshi, kama ilivyo kwa ruta na kisanduku cha faiba, hutumia chaja ndogo ya volti 9 au 12, na kwa vifaa hivyo zinauzwa betri ndogo za akiba zinazoweza kuviendesha kwa saa kadhaa.

Anayefanya kazi akiwa nyumbani na hawezi kukatika katikati ya mkutano ana sababu ya kuchagua meshi hata pale ambapo adapta zingempa kasi kubwa zaidi. Asome tu lebo ya chaja ya kila kifaa kabla ya kununua betri, kwa sababu kisanduku cha faiba kinaweza kutaka volti 12 na kituo cha meshi kikataka 9, na betri yenye tundu la aina moja haitaviwasha vyote viwili.